Sentensi Alizoleta kutoka Lavington

Jumamosi asubuhi mimi hufundisha Kiingereza katika chumba cha ghorofa ya pili River Road, Nairobi, juu ya duka la vipuri vya redio. Wanafunzi wangu ni watu wazima: walinzi, wapishi, vinyozi, akina mama wanaolea watoto wa watu wengine. Wengi waliacha shule njiani, na Kiingereza walicho nacho ni cha kusikia. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya upili mpaka nilipostaafu. Nilipoanzisha darasa hili niliamua kwamba sitawafunza kutoka kitabuni. Kazi ya nyumbani ni moja tu: lete sentensi uliyoisikia kazini ukashindwa kuielewa, na uilete jinsi ilivyosemwa.

Mwanamke ninayemkumbuka hapa alijiunga nasi baada ya sikukuu za mwaka mpya. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mtu wa Mwingi, na mimi natoka upande huo huo, kwa hiyo tulisalimiana kwa Kikamba kabla ya kuingia darasani. Aliniambia anamtunza mama mzee katika nyumba moja Lavington. Mama huyo alikuwa ameletwa na mwanawe kutoka shambani kwake, huko mbele ya Dagoretti, baada ya kuanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, na siku nyingine hakutembea kabisa.

Sentensi yake ya kwanza aliisema akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mtoto anayekariri aya ya Biblia.

"I can't put up with this any more," akasema. Kisha akauliza, "Mwalimu, hiyo 'put' si ni kuweka?"

"Ni kuweka."

"Na 'up' ni juu."

"Ndiyo."

"Sasa mbona madam, mke wa boss, aseme hawezi kuweka juu, na hakuwa ameshika kitu?"

Darasa zima likacheka. Nikageukia ubao nikaliandika neno lile, 'put', kwa herufi kubwa, halafu nikaanza kulitundikia vijineno vyake. Ukiweka 'on' unavaa nguo. Ukiweka 'out' unazima moto. 'Off' ni kuahirisha. Na hiyo ya madam, 'put up with', ni kuvumilia. Niliwaambia kwamba Kiswahili kina neno lake kwa kila kazi, lakini Mwingereza ana tabia ya kukamata kineno kimoja kifupi na kukituma kila mahali. Nikaongeza kwamba 'put' ina ukaidi mwingine: haibadiliki. Jana ni 'put', leo ni 'put', na ikiwa tayari imefanyika bado ni 'put'.

Wenzake walikuwa wanaandika na kutaniana. Yeye alikaa taratibu.

"Kuvumilia," akasema peke yake. "Kwa hivyo hawezi kuvumilia."

Jumamosi iliyofuata akaleta nyingine: "We can't keep putting it off." Nikamwambia maana yake ni kwamba hawawezi kuendelea kuliahirisha jambo hilo.

"Jambo gani?"

"Hilo unalijua wewe uliyekuwa hapo."

"Mimi sijui, mwalimu. Wakiniona naingia na chai wanaanza Kizungu. Nikitoka wanarudi kwa Kikuyu ama Kiswahili."

Nilipita haraka kwa mwanafunzi mwingine, lakini jambo hilo lilinikaa moyoni. Wengine walileta kila aina ya sentensi. Mlinzi mmoja alileta tangazo la lifti, kinyozi akaleta matusi ya mteja. Yeye mara mbili mfululizo alileta 'put', na mara zote mbili aliileta nzima, bila kupoteza hata silabi. Nikaanza kumshuku. Niliwaza labda anazisoma kwenye simu ya madam akiwa ameiacha mezani, au amewarekodi. Nimeishi Nairobi vya kutosha kujua mwisho wa mambo kama hayo: msichana wa kazi akipatikana na simu ya tajiri mkononi, haulizwi alikuwa anatafuta nini. Na mwalimu aliyemtafsiria naye hutafutwa.

Nilimweleza mke wangu tukiwa nyumbani, mtaa wa Satellite. Yeye hushona sare za shule sebuleni, na hunisikiliza bila kusimamisha cherehani.

"Huyo anakutumia," akasema.

"Kwa nini?"

"Sijui. Lakini mtu hawezi kupenda neno moja hivyo. Kuna kitu anatafuta."

Sentensi ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote. "They will put her down." Hakusikia mwisho wake, alisema, kwa sababu mlango ulifungwa.

Kabla sijafungua mdomo, mlinzi wa nyuma, mtu mwenye sauti kubwa, akapaza: "Hiyo naijua! Mbwa wa mdosi, tajiri wangu, aliwekwa 'down'. Daktari alikuja na sindano. Dakika kidogo mbwa amelala, hajaamka tena."

Watu wakacheka tena, ila si wote. Yule mwanamke alinitazama mimi. Nikajitahidi. Nikasema inaweza pia kuwa kumlaza mtoto kitandani. Inaweza kuwa kuandika jina la mtu kwenye orodha. Inaweza kuwa kumdharau mtu mbele ya watu. Nikasema sentensi iliyokatwa ni kama nusu ya simu, usiiamini. Nilikuwa nikiongea sana, na nilijua naongea sana.

Baada ya darasa alinisubiri ngazini.

"Mwalimu, 'her' ni mwanamke, si ndiyo?"

"Ni wa kike. Mtu, hata mnyama. Hapo kwenu kuna mbwa?"

"Wako wawili. Wote ni dume."

Kule chini kijana wa duka alikuwa anajaribu spika, na ngazi zilitetemeka. Nikamuuliza kama yule mama mzee anajua Kiingereza. Akasema hajui, alisoma darasa chache tu zamani. Anajua Kikuyu chake na Kiswahili cha kujinunulia vitu sokoni.

"Na wanakaa naye vipi?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, niliona anapima asije akamwonea mtu. "Boss anampenda mamake. Anaingia kwake kila jioni. Lakini hawezi kumwangalia usoni siku hizi. Na madam amechoka. Shosho, ndivyo namwita huyo mama mzee, akiumwa usiku analia, na madam ndiye analala karibu na ukuta huo."

Wiki hiyo sikukaa vizuri. Siku moja katikati ya juma nilijiambia nakwenda kunyoosha miguu. Nikashuka Satellite, nikakata Kawangware katikati ya viazi na nguo za mitumba, nikatokea upande wa pili, Lavington, mahali ambapo kelele huisha ghafla, na barabara ina miti na hakuna mtu anayetembea isipokuwa anayekwenda kazini. Mwanafunzi wangu alikuwa ameniambia nyumba ina lango la kijani karibu na kona. Nililiona. Ukuta, waya wa umeme juu yake, na nyuma paa la vigae. Sijui nilitarajia kuona nini. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikijifanya natafuta kitu mfukoni.

Kidirisha cha lango kikafunguka. Mlinzi akanitazama.

"Mzee, unataka nani?"

"Napita tu."

"Basi pita."

Nikapita. Nilipogeuka kwenye kona bado alikuwa amenishikilia kwa macho, na nilielewa kwamba katika mtaa ule mtu wa kushukiwa nilikuwa mimi.

Jumamosi ya nne alifika mapema, kabla ya wengine. Hakutaka kuisema mbele ya darasa. Alifunga mlango, akasimama vile vile, mikono nyuma.

"Once they put her to sleep, she won't feel a thing."

Nilimwomba arudie. Akarudia, na haikubadilika hata neno.

"Nani alisema?"

"Boss. Alikuwa anaambia madam. Madam alikuwa analia."

"Na kabla ya hapo?"

"Sikusikia. Lakini mwalimu, kuna kitu kingine." Akasogea karibu. "Madam alisema, 'I'll put it in her tea.' Hiyo sikuhitaji kuuliza mtu, ni kuweka, ni ile ya kwanza uliyotufundisha. Siku hizi chai ya shosho ya asubuhi anapika madam mwenyewe. Hajawahi kupika chai tangu niingie nyumba hiyo. Na jana nikiosha kikombe nikapata unga mweupe chini. Si sukari. Nilionja. Ni chungu."

"Umeonja?"

"Ningejuaje?"

Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Nilijua, kama mwalimu, kwamba 'put to sleep' ina nyumba mbili. Moja ni ya sindano ya mbwa. Ya pili ni ya hospitali, pale mgonjwa anapotiwa usingizi kabla ya upasuaji. Nikamweleza zote mbili, polepole. Nikamuuliza kama kuna daktari aliyefika, au kama wamewahi kumpeleka mama huyo kupigwa picha ya mifupa. Akasema walimpeleka mahali Kilimani mara moja, wakarudi bila kusema kitu. Shosho alipouliza aliambiwa ni picha tu, mguu uko sawa.

"Basi huenda ni upasuaji," nikasema.

"Kama ni upasuaji, kwa nini afichwe?"

Nilimwambia asimwambie shosho lolote mpaka tujue, na akiona shosho amebadilika, amelegea au anatapika, anipigie mara moja. Akaniitikia, lakini aliitikia kama mtu ambaye tayari ameamua lake.

Nyumbani mke wangu safari hii alisimamisha cherehani.

"Nenda polisi," akasema.

"Niwaambie nini? Kwamba kuna kitenzi?"

"Uwaambie kuna mama mzee anatiwa unga kwa chai."

"Na wakienda wakakuta ni dawa ya presha? Yule msichana atalala wapi siku hiyo?"

Alikata uzi kwa meno, na jioni hiyo hakukunywa chai niliyompikia. Alisema ni utani, lakini kikombe kilibaki mezani mpaka kikapoa.

Simu ilikuja Jumapili ya wiki iliyofuata, siku moja baada ya mwanafunzi wangu kukosa darasa, tukitoka kanisani. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamume, ya mtu aliyezoea kusikilizwa, ikasema kwa Kiswahili safi: "Wewe ndiye mwalimu unayemfundisha mfanyakazi wangu kwamba nataka kumuua mama yangu?"

Niliondoka kwenye msongamano wa watu. Nikamwambia mimi nafundisha Kiingereza.

"Basi njoo ukifundishe hapa. Mama yangu hajala chakula cha nyumba hii wiki nzima. Amejifungia. Ukikataa kuja, nitajua la kufanya."

Mke wangu alikuwa amesikia. "Huendi peke yako," akasema, na tukachukua boda boda mbili tukiwa bado na nguo za kanisa.

Lango la kijani lilifunguliwa na mlinzi yule yule. Alinitambua, nikaona alivyoinua nyusi. Ndani palikuwa na bustani iliyokatwa vizuri na magari mawili. Mwenye nyumba alitupokea mlangoni, mtu wa miaka arobaini na kitu, shati la kazi siku ya Jumapili, macho mekundu. Mke wake alikuwa ameketi kwenye kochi, kichwa amekiegemeza mkononi. Hakuinuka, lakini alisema karibuni. Mwanafunzi wangu alisimama karibu na mlango wa jikoni. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kusema.

Alikuwa amemwambia shosho kila kitu, siku ile ile tuliyoachana. Tangu hapo mama mzee alikunywa maziwa yaliyochemshwa mbele ya macho yake na ndizi alizomenya mwenyewe, na akaweka kiti nyuma ya mlango wa chumba chake.

"Nataka uelewe," mwenye nyumba akaanza. Akaeleza kwa haraka, kama mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe. Daktari alisema nyonga haiwezi kupona bila kubadilishwa. Kadiri wanavyochelewa ndivyo hatari inavyoongezeka. Wamekuwa wakiahirisha tangu mwaka jana. Hospitali imemwandika, ndiyo hiyo 'put her down', jina lake limewekwa kwenye zamu ya upasuaji. Atatiwa usingizi, nusu kaputi, hatasikia maumivu. Na unga ni dawa ya presha, kwa sababu presha isiposhuka hawawezi kumpasua, na mama alikuwa anazitema tembe.

Kila sentensi ilikuwa imepata nyumba yake, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mbwa. Nilitaka kusema samahani na kuondoka.

Ni mke wangu aliyeuliza. Aliuliza kwa upole, mkoba wake magotini. "Na yeye mwenyewe mlimwambia?"

Mwenye nyumba akatazama mlango wa korido.

"Hajui kwamba anapasuliwa?"

"Angekataa," mwenye nyumba akasema. "Dada yake alitiwa usingizi hospitalini zamani, kwa jambo dogo, na hakuamka. Mama hajasahau. Tulipanga kumwambia ni picha nyingine tu. Akiamka angekuwa na mguu mpya."

"Na asipoamka?"

"Mama," madam akamwambia mke wangu kutoka kwenye kochi, "unafikiri hilo sijalilia?"

Kiti kilikwaruza sakafu ndani ya korido. Mlango ukafunguka na yule mama mzee akatokea, mkono mmoja ukutani, kitambaa kichwani, sweta limefungwa vifungo vyote. Mwanawe aliinuka kumsaidia. Yeye akamkwepa akamwita mwanafunzi wangu, na kwa bega lake akafika kwenye kiti cha mbao, akashuka ndani yake kidogo kidogo. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomfikiria.

"Huyu ndiye mwalimu?" akauliza.

"Ndiye, shosho," mwanafunzi wangu akasema.

Mwanawe akaanza kumsemesha kwa Kikuyu. Mama akainua kiganja. "Sitaki wewe. Wewe utaniambia vizuri vizuri. Nataka huyu aniambie. Yale maneno yote, moja moja, vile yalisemwa. Kwa Kiswahili, ndio kila mtu asikie."

Nilimtazama mwenye nyumba. Akainua mabega.

Nimefanya kazi ya kutafsiri sentensi maisha yangu yote, na sijawahi kufanya iliyokuwa nzito kama ile. Waliozisema walikuwa wameketi mbele yangu. Mwanafunzi wangu alizitoa moja baada ya nyingine kwa Kiingereza, na mimi nikazigeuza. Hatuwezi kuendelea kuliahirisha. Watamwandika. Akishatiwa usingizi hatasikia kitu. Nitaiweka kwenye chai yake. Kila moja nilipoisema, mama aliitikia kwa kichwa, na mwanawe akaeleza ni ya nini, na mama akasema, "Endelea."

Ilibaki ile ya kwanza. Mwanafunzi wangu alinitazama. Nadhani alitaka kuniachia nafasi niiruke.

"Kuna ingine," mama akasema. "Nimehesabu kwa uso wako."

Akaisema, kwa sauti ya chini. Madam akaufunika uso.

Ningeweza kusema ni kuchoka. Ningeweza kusema alikuwa anaongea juu ya kazi, au foleni ya magari. Nilikuwa na maneno mengi ya kulainisha, na macho ya mwenye nyumba yalikuwa yananiomba niyatumie. Lakini nilikuwa nimetolewa kanisani mpaka hapa kwa sababu watu wa nyumba hii walikuwa wamemlainishia yule mama mambo hata hajui tena kilicho kwenye kikombe chake.

"Alisema hawezi kuvumilia tena," nikasema.

Mama akamgeukia mkaza mwanawe. "Ulisema?"

"Nilisema." Alishusha mikono. "Nilikuwa nimeamka nawe mara nyingi usiku huo. Unalia na hukubali nikuguse. Nilisema, na nilikuwa namaanisha. Asubuhi sikuwa namaanisha tena."

"Hiyo naielewa," mama akasema. "Mimi mwenyewe siwezi kuvumilia huo mguu." Akaupapasa. "Lakini ile ya chai sielewi. Mimi nimekupikia chai ukija kuolewa. Niliweka nini ndani?"

Madam akatazama sakafu, na mama hakumlazimisha. Akamwambia mwanawe alete hizo dawa. Zilipokuja akazitazama kwenye kiganja, akaomba maji, akameza moja mbele yetu sote huku amemkazia macho mwanawe.

"Sikuwa natema kwa sababu ni chungu," akasema. "Nilikuwa natema kwa sababu hakuna mtu aliniambia ni za nini. Na kulala sikatai. Nakataa kubebwa kama gunia. Nipeleke kwa huyo daktari. Anieleze kwa lugha ninayosikia. Huyu msichana awe hapo. Nikisema ndiyo, ni ndiyo. Nikisema hapana, unirudishe kwangu."

Tulitoka bila kunywa kitu. Nadhani hakuna aliyekumbuka kutukaribisha chai, au walikumbuka wakaona aibu. Mwenye nyumba alitusindikiza mpaka langoni. Alinipa mkono, lakini hakuniangalia. "Ungenipigia simu kwanza," akasema.

"Ningekuambia nini?"

Akamwashiria mlinzi afungue lango.

Daktari alichukua muda wake na yule mama. Mwanafunzi wangu alinisimulia: alimchorea nyonga kwenye karatasi, akamwonyesha mahali chuma kingekaa, na akakubali waziwazi kwamba wapo watu ambao hawaamki, ila ni wachache, na kwamba watamwangalia moyo muda wote. Mama akauliza kama dada yake alikuwa ameangaliwa moyo. Daktari akasema hajui, zamani vifaa vilikuwa haba. Mama akakaa na jambo hilo siku kadhaa, kisha akasema ndiyo.

Siku ya upasuaji mwanafunzi wangu alikaa nje ya chumba pamoja na mwenye nyumba na mkewe, kwenye viti vya plastiki, na alisema hakuna aliyeongea lugha yoyote. Mama aliamka. Neno la kwanza alilosema lilikuwa kulalamika kwamba ameibiwa soksi.

Nilimtembelea wodini mara moja, huko Kilimani. Alikuwa amekaa kitandani anawatazama wauguzi. Kila aliyekuja na sindano alimuuliza ni ya nini, na hakutoa mkono mpaka ajibiwe. Wauguzi walikuwa wamechoka naye. Mmoja aliniambia hajawahi kuona mgonjwa mwenye shuku kama hiyo. Nikasema ana sababu zake.

Mambo ya nyumba ile hayakurudi jinsi yalivyokuwa. Mama alipoanza kutembea na fremu, madam alimwambia mwanafunzi wangu kwamba kazi imeisha. Hakumtukana, alimwambia tu kwamba hawezi kuishi na mtu anayemwogopa akiwa jikoni kwake. Mwanafunzi wangu alipokuwa anafunga nguo zake, mama mzee akasema basi na yeye afungiwe zake. Mwanawe alibembeleza, akakasirika, mwishowe akaleta gari. Wote wawili walipelekwa kwenye nyumba ya mama mbele ya Dagoretti, ya mabati na mawe, yenye shamba la sukuma wiki na ng'ombe mmoja ambaye jirani alikuwa akimkamua muda wote huo.

Tulikwenda kuwaona mwezi uliopita, mimi na mke wangu. Mwanafunzi wangu haji tena River Road, ni mbali, na anasema Kiingereza kimempa presha. Tulimkuta anapanda vitunguu. Mama alikuwa ameketi nje juani, fremu kando, anatenganisha maharagwe. Alitueleza kwamba mwanawe huja kila Jumapili na vitu vingi, anakaa naye hapo, wanaongea Kikuyu chao kama zamani, na huondoka jua likizama. Mkaza mwana bado hajafika. Ametuma salamu na blanketi. Blanketi ni zuri, mama akasema, ingawa alilianika nje siku nzima kabla ya kujifunika.

Tukiwa hapo gari likaingia. Alikuwa ni mwanawe. Alitusalimia vizuri, akavuta kigoda, akachukua maharagwe machache na kuanza kutenganisha. Baada ya muda simu yake ikalia. Akapokea, akaanza kuongea Kiingereza. Mama aliinua tu kiganja, vile vile alivyoinua siku ile sebuleni, na mwanawe akasimama, akaenda nje ya ua na simu sikioni. Mama akaacha maharagwe. Akamtazama kupitia nafasi za ua, midomo ya mwanawe ikicheza bila sauti kutufikia, na hakuyagusa tena maharagwe mpaka aliporudi kuketi.